Mirathi Tanzania Bara: nyumba moja, sheria tatu

Mtu akifariki Tanzania Bara, jambo la kwanza linaloamua nani atapata nini ni sheria ambayo mahakama itasema aliishi chini yake. Zipo tatu. Kuna sheria za kimila, kuna sheria ya Kiislamu, na kuna ile inayoitwa ya Serikali, ambayo kwa hakika ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na Waingereza na ikabaki baada yao. Nyumba ni ileile, mke ni yuleyule na watoto ni walewale, lakini kila sheria ina mgawo wake, na migawo hiyo haikaribiani hata kidogo.

Wengi wanaokaa kuandika wosia hawaanzii hapo. Wanaanza na "nyumba ya Kimara apewe fulani" kabla hawajajua kama sheria yao inawaruhusu kusema hivyo, au kama nyumba yenyewe ni yao peke yao. Ndiyo maana wosia nyingi zinaangukia mahakamani. Mwandishi alikuwa na nia njema, ila maswali mawili ya mwanzo hakuyajibu: mimi ni wa sheria ipi, na mali hii ni ya nani?

(Zanzibar ina utaratibu wake, wenye Mahakama za Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kenya nayo ilitunga sheria moja ya urithi, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, ingawa baadaye iliwaacha Waislamu wafuate ya kwao. Hapa nazungumzia Bara.)

Tuweke hesabu mezani

Chukua mfano wa fundi magari wa Mbagala aliyefariki bila wosia. Ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume, mmoja wa kike, na mama yake mzazi ambaye bado yu hai. Gharama za mazishi zimelipwa, madeni yamelipwa, na zimebaki mali zenye thamani ya shilingi milioni 96.

Akihesabiwa chini ya sheria ya Kiislamu, mke anachukua thumuni, yaani moja ya nane, kwa sababu marehemu ana watoto: milioni 12. Mama mzazi anachukua sudusi, yaani moja ya sita: milioni 16. Zinabaki milioni 68 za watoto, na wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Kila kijana anaondoka na milioni 27.2, binti milioni 13.6. Kama fundi alikuwa na wake wawili, ile thumuni isingeongezeka. Wangegawana hiyohiyo, milioni 6 kila mmoja.

Akihesabiwa chini ya sheria ya mwaka 1865, mjane anapata theluthi moja, yaani milioni 32, na watoto wanagawana theluthi mbili sawa kwa sawa bila kuangalia nani wa kiume nani wa kike: milioni 21 na kitu kila mmoja. Mama mzazi hapati hata senti, kwa sababu watoto wapo.

Akihesabiwa chini ya sheria za kimila zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, mambo yanageuka kabisa. Warithi wamepangwa kwa daraja. Mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza, yaani ya mke wa kwanza, yuko daraja la kwanza na fungu lake ndilo kubwa kuliko yote. Vijana wengine wako daraja la pili, mabinti la tatu. Mjane mwenye watoto hana fungu. Fungu lake, kwa maneno ya kanuni zenyewe, ni kutunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza wao.

Mjane huyohuyo basi anaweza kuondoka na milioni 32, milioni 12, au ahadi ya kutunzwa. Mama wa marehemu ama anapata milioni 16 ama hapati kitu. Hakuna aliyebadili tabia, hakuna aliyeandika chochote. Kilichobadilika ni sheria tu.

Niongeze kwamba kanuni za 1963 ziliandikwa kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, na zinatumika katika maeneo ambayo halmashauri zake zilizipokea. Waluguru, ambao ardhi yao kwa jadi hufuata ukoo wa mama, wana hesabu nyingine. Uchaggani nako, kwa desturi, kihamba cha nyumbani, yaani shamba linalozunguka makazi, humwendea kitinda mimba wa kiume. Kwa hiyo mtu akikuambia "kimila ni hivi", muulize kwanza: mila ya wapi?

Mahakama inajuaje wewe ni wa sheria ipi?

Mahakama hutazama mambo mawili: jinsi marehemu alivyoishi, na alichokusudia. Kabila peke yake halitoshi. Katika shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi, lililoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 1969, marehemu alikuwa Mngoni aliyeoa Mchagga na kuishi mbali na kwao sehemu kubwa ya maisha yake. Mahakama iliona kwamba alikwisha kuachana na maisha ya kimila, na mirathi yake ikatoka katika mila. Mpaka leo mawakili hulirejea shauri hilo.

Kwa Mwislamu, kwa kawaida mzani hulalia dini: alifunga ndoa ya Kiislamu, aliswali, alizikwa Kiislamu. Kazi ngumu iko kwa Mkristo mwenye mguu mmoja mjini na mwingine kijijini. Ndoa ilifungwa kanisani, lakini mahari ilitolewa na wazee. Kazi iko Dodoma, lakini kila Desemba yuko kwao na shamba la ukoo analilima. Akifa, mjane na watoto watasema aliishi kisasa. Kaka zake watasema alikuwa mtu wa mila. Na wote watakuwa na ushahidi.

Hapa ndipo wosia unapofanya kazi ambayo watu hawaifikirii. Kabla ya kugawa chochote, andika sentensi moja inayosema unataka mirathi yako isimamiwe kwa sheria ipi, na kwa nini: umeoa kwa ndoa gani, unaishi wapi, watoto wako wamelelewa vipi. Sentensi hiyo haiifungi mahakama, lakini ni ushahidi wa nia yako kutoka mdomoni mwako mwenyewe, na inawaondolea wajane ugomvi wa miaka.

Jambo hili linagusa hata mlango wa mahakama utakaoingia. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Mirathi inayofuata sheria ya 1865 haina nafasi pale. Inatakiwa kupelekwa mahakama za juu zaidi. Familia nyingi za Kikristo hufungua Mahakama ya Mwanzo kwa sababu iko karibu na gharama ni ndogo, msimamizi anateuliwa, nyumba inauzwa, kisha mmoja wa warithi anakata rufaa na Mahakama Kuu inafuta mwenendo wote kwa sababu ya mamlaka. Wanaanza upya, na hela ya nyumba imekwisha kuliwa.

Mabinti na wajane

Siwezi kupita hapa haraka. Mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa kaka yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani akidai kwamba kwa mila mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Angalia shauri lilipoanzia: baba aliandika. Asingeandika, binti asingekuwa na cha kuuza.

Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga walijaribu kubomoa kanuni zenyewe za mwaka 1963. Waliondolewa majumbani mwao na ndugu wa waume zao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilitupa rufaa yao kwa kasoro ya nyaraka. Wakaenda hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua kuwa Tanzania ilikuwa imevunja haki zao. Ushindi wa heshima, lakini wakati huo wenye nyumba walikuwa wengine.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Ni silaha nzuri, na kila binti anayeambiwa na wajomba au baba zake wadogo kwamba "huna chako hapa" aijue. Ila silaha ya mahakamani inagharimu nauli, muda na moyo. Baba mwenye binti na shamba, chini ya mfumo huu, ana wajibu wa kuandika. Sioni namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Ni yako, au ni yenu?

Huwezi kurithisha kisicho chako. Msiba ukiisha, mara nyingi kikao cha ukoo huorodhesha kila kilichomo ndani ya nyumba kama mali ya marehemu, mpaka cherehani ya mjane. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaeleza kwamba ndoa peke yake haihamishi umiliki: cherehani aliyoinunua mke ni ya mke, na haiingii kwenye mirathi.

Kifungu cha 60 cha sheria hiyohiyo ndicho kila mwenye ndoa anapaswa kukikumbuka. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiwa na jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ni ya huyo mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa na majina ya wote wawili, inachukuliwa kuwa wana haki sawa. Kwa hiyo majina mawili kwenye karatasi ya mauziano, siku ile mnaponunua kiwanja mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yanaweza kumwokolea mwenzako nusu ya nyumba kabla hata neno mirathi halijatajwa. Jina moja linamlazimisha mjane kuanza kuthibitisha, akiwa bado amevaa nguo za msiba, kwamba matofali yalinunuliwa kwa faida ya genge lake.

Kwa mwenye hati, kuna tofauti nyingine inayopuuzwa. Wanandoa wanaweza kusajiliwa kama wamiliki wa pamoja, na hapo mmoja akifa haki yake inahamia kwa aliyebaki moja kwa moja. Au wanaweza kusajiliwa kama wamiliki wa hisa, na hapo hisa ya aliyekufa inaingia kwenye mirathi na kugawanywa kwa warithi wake wote, kadiri sheria yake inavyowatambua. Watu hutia sahihi fomu ya ardhi bila kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili. Uliza. Ikiwa hati tayari ipo, itazame leo.

Shamba la ukoo ni habari nyingine. Unalilima, umelipanda migomba, lakini huenda si lako kulitoa kwa mtu baki. Usiliingize kwenye wosia kama vile ulilinunua. Eleza tu ulilipataje, ni nani alikuwa akilitumia, na ungependa nani aendelee.

Halafu zipo mali zisizoonekana. Hapa kuna imani moja inayowaumiza watu: kwamba jina uliloliandika benki kama ndugu wa karibu ndilo litakalopewa fedha. Jina hilo ni la kumtafuta mtu mambo yakiharibika. Benki itadai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Salio la kwenye simu nalo ni mali ya marehemu. Mtoto anayejua namba ya siri ya baba na kutoa fedha asubuhi ya pili ya msiba kwa mambo yake, si kwa mazishi, anaingilia mirathi na anaweza kutakiwa kuzirudisha. Hati ya uwakilishi uliyompa ndugu akusaidie ukiwa mgonjwa nayo inakufa pamoja nawe. Haifanyi kazi hata siku moja baada ya hapo.

Mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, yana njia yake. Hulipwa kwa wategemezi wanaotambuliwa na sheria ya mfuko, mwenza na watoto wakiwa mbele, kwa hiyo cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vina kazi kubwa kuliko wosia. Kama uliandikisha wategemezi ukiwa kijana wa miaka 24 asiye na mke, huenda bado ni jina la mama yako peke yake. Nenda ukasahihishe. Kikoba na SACCOS vilevile: angalia daftari linasema nini.

Na madeni. Mirathi hugawa kilichobaki baada ya mazishi, gharama za usimamizi na madeni kulipwa. Andika unayedaiwa na unayemdai, ikiwemo ile mikopo ya mtaani ambayo watu huona aibu kuitaja. Mikopo ya benki mara nyingi ina bima inayolipa deni mkopaji akifa. Familia isiyojua inaweza kuuza gari kulipa deni ambalo bima ilikuwa ilibebe.

Wosia wenyewe

Masharti yanafuata sheria uliyomo, na hapa ndipo fomu moja iliyochapwa mtandaoni inaweza kukuangusha.

Kimila, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi uandikwe kwa wino usiofutika au uchapwe, uwe na tarehe, uonyeshe kuwa una akili timamu na unaandika kwa hiari. Mashahidi wajue kusoma na kuandika, na wawepo wa ukoo na wasio wa ukoo: wasiopungua wawili kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, wanne kama hajui. Wake waliopo nyumbani wakati huo nao washuhudie. Wosia ulioandikwa haufutwi kwa maneno ya mdomo, hata kama yalisemwa mbele ya watu ishirini kitandani hospitalini.

Kumnyima mrithi kunawezekana kimila, lakini kwa sababu zinazotambuliwa tu: kuzini na mke wa mwenye wosia, kujaribu kumuua au kumshambulia yeye au mama yake, kutomtunza wakati wa njaa au ugonjwa, kumharibia mali. Sababu iandikwe, na anayenyimwa apewe nafasi ya kujieleza. "Hanijali siku hizi" haitoshi.

Kiislamu, uhuru wako una mpaka ulio wazi. Unaweza kuusia hadi thuluthi moja ya mali baada ya madeni, na kwa mtu ambaye si mrithi wako. Mrithi ana fungu lake tayari. Kumwongezea kwa wosia kunahitaji ridhaa ya warithi wengine, na ridhaa hiyo hutolewa ukishafariki. Thuluthi hii ina thamani kubwa kuliko watu wanavyoitumia. Mjukuu ambaye baba yake alikutangulia na sasa anazuiwa na ami zake, mtoto uliyemlea, mtoto wa nje ya ndoa, mke Mkristo ambaye kwa sheria hii hakurithi: wote hao wanaweza kuachiwa kitu kwa thuluthi. Ndoa za Mwislamu na Mkristo ni nyingi nchini. Mume Mwislamu asiyemwandikia mke wake Mkristo chochote anamwachia mikono mitupu, na mara nyingi hakukusudia hivyo.

Anayetaka kutoa zaidi ana mlango wa hiba, yaani kutoa angali hai. Masharti yake ni matatu: mtoaji atoe, mpokeaji apokee, na mali ikabidhiwe kweli. Nyumba unayosema umemhibia binti huku ukiendelea kupokea kodi ya wapangaji kwa jina lako ni rahisi sana kupingwa. Na hiba inayotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wosia, inarudi ndani ya thuluthi. Kwa hiyo hiba ni jambo la kufanywa ukiwa na afya, kwa maandishi, na jina kwenye karatasi za ardhi likabadilishwa.

Chini ya sheria ya 1865 uhuru ni mpana. Tia sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie zao mbele yako. Mambo mawili hushtua watu. Shahidi aliyeachiwa kitu ndani ya wosia, au mwenza wake, anapoteza alichoachiwa. Kwa hiyo, kwa sheria yoyote uliyomo, usimtumie atakayefaidika kuwa shahidi, ukiacha wale wake ambao mila inawataka washuhudie. La pili: ukifunga ndoa, wosia ulioandika kabla unakufa. Mjane au mgane anayeoa tena na kudhani watoto wa kwanza wamekwisha kuwekewa utaratibu anatakiwa akae chini aandike upya.

Kwa sheria zote, taja mali kwa namna isiyoweza kuchanganywa. "Kiwanja changu cha Chanika" hakitoshi kama unavyo viwili. Weka namba ya kiwanja na kitalu kama kimepimwa. Kama hakijapimwa, majirani wa pande nne na jina la aliyekuuzia. Tia sahihi kila ukurasa. Na mtoto wa nje mtaje kwa jina. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika ipasavyo na mali ya mzazi wake, lakini mtoto asiyejulikana mpaka siku ya mazishi huanza kwa kuthibitisha kuwa yupo.

Wenye watoto chini ya miaka 18 wataje nani awalee, na wamwulize kwanza huyo mtu. Anayelea watoto na anayeshika fedha zao si lazima wawe mtu mmoja. Shangazi mwenye mapenzi anaweza kulea, na mjomba mwenye daftari safi akashika kodi ya nyumba.

Msimamizi si mrithi

Ukiacha wosia, utakuwa umemtaja wa kuutekeleza. Usipouacha, kikao cha familia kitapendekeza jina, muhtasari utaandikwa, na mahakama ya mahali ulipokuwa ukiishi itatangaza ombi ili mwenye pingamizi ajitokeze. Wakiridhika, Mahakama ya Mwanzo inampa msimamizi Fomu Namba IV. Tangu hapo ndani ya miezi minne anatakiwa kurudisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba V, na baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, hesabu ya alivyogawa kwa Fomu Namba VI. Mahakama Kuu inampa miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu.

Fomu IV ndiyo inayowapotosha wengi. Aliyeipata, mara nyingi kijana mkubwa au baba mdogo, huanza kutembea nayo kama hati ya kumiliki. Anakusanya kodi, anahamia chumba cha mbele, na jina lake linaingia kwenye hati ya ardhi kama msimamizi, kisha linakaa hapo. Hatua ya pili, ya kuhamisha kutoka kwake kwenda kwa warithi, haifiki. Akifa yeye, watoto wake wanadhani nyumba ni ya baba yao. Si yao: usimamizi haurithiwi, na mahakama inabidi iteue mwingine. Mrithi anayeona miezi minne imepita bila orodha ana haki ya kwenda mahakamani iliyomteua msimamizi na kuomba aitwe ajieleze, au aondolewe. Hahitaji kusubiri ugomvi.

Kwa hiyo unapochagua jina la kuandika, tafuta anayeweza kutunza risiti na kuwasomea wenzake hesabu bila kufoka. Ukubwa wa kuzaliwa si sifa. Taja na wa akiba, kwa sababu uliyemchagua anaweza kukutangulia.

Kuutunza ni nusu ya kazi. Wosia ulio chini ya godoro hupatikana na mtu wa kwanza kulinyanyua godoro hilo, na kama haumpendezi hautaonekana tena. Unaweza kuuhifadhi RITA, wakala wa Serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambao hupokea na kutunza wosia na kuufungua baada ya kifo kuthibitishwa kwa cheti. Unaweza kuuweka kwa wakili, au kwa kiongozi wa dini unayemwamini. Popote uwekapo, watu wawili wasioelewana sana wajue ulipo, hata kama hawajui kilichomo.

Na kwa familia ambazo msiba ulikwisha kupita na hakuna lililofanyika: mwenye kudai ardhi ya marehemu ana miaka 12, na hesabu inaanza siku ya kifo, si siku mlipoanza kugombana. Anayeomba usimamizi Mahakama Kuu baada ya miaka mitatu atatakiwa kueleza kwa nini alichelewa. Kama baba alifariki mwaka 2016 na nyumba bado ina jina lake, anza na cheti cha kifo, kisha iteni kikao.